Somo la lishe: Tambi, dengu na lengalenga katika sufuria moja

  Leo tunajifunza chakula cha jioni kinachopikwa kwa sufuria moja na moto mmoja, bila nyama wala dagaa.

Kwa nini sufuria moja? Kwa sababu ya kuni. Ugali unataka sufuria yake, mboga nayo yake, na moto unawaka mpaka giza linaingia. Kila mzigo wa kuni unaobaki nyumbani ni safari moja ya porini inayopungua, na mnajua wenyewe yanayowapata wamama na wasichana wetu huko.

Tambi zinaiva kwa dakika 10 hivi. Lakini tambi tupu na chumvi zinashibisha tu, hazimjengi mtoto. Na tafadhali, usiuze dengu na mafuta ya mgao ili ununue tambi. Hapo umetoa chakula cha kujenga mwili, umeleta cha kujaza tumbo. Kama pesa ya tambi hakuna, tumia mchele kwa njia hii hii.

Kwa watu 5 au 6, saa sita mchana chambua dengu zilizopasuliwa, kikombe kimoja kikubwa. Zioshe, ziloweke na kuzifunika. Jioni mwaga maji hayo.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta, yasitoe moshi. Tia dengu na lita 1 ya maji safi, kisha funika. Sufuria isiyo na mfuniko inakula kuni bure. Nyanya zisitangulie, maana uchachu wake unachelewesha dengu kuiva.

Baada ya nusu saa hivi bonyeza dengu kwa vidole. Zikipondeka, ongeza lita 1 ya maji na nyanya 3 zilizokatwa. Yakichemka, vunja tambi za gramu 500 uzitie, ukikoroga zisigande chini. Maji usiyamwage, tambi zitayanywa, na utamu wote unabaki humo.

Lengalenga, ambazo wengine mnaziita mchicha, zioshwe kabla ya kukatwa, kwani zikioshwa baadaye vitamini huondoka na maji. Zitie dakika 3 za mwisho. Matembele pia yanafaa. Sombe hapana, hata kama unaipenda: ni lazima itwangwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Chumvi iwe ya mwisho, madini joto yasipotee na mvuke.

Ukipata ndimu, kamulia kwenye sahani. Dengu na majani haya yana madini ya chuma yanayoongeza damu, na ndimu husaidia mwili kuyachukua. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo subiri saa moja baada ya kula, hasa wewe mjamzito.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe chakula chake, kwenye sahani yake peke yake. Akila pamoja na wakubwa, mkono wake mdogo hauwahi. Pika kinachotosha jioni hiyo, kwa sababu tambi zilizolala kwenye joto zinaharibika na zinaweza kuwaharisha watoto asubuhi.