BREKI ZA ASKARI WA MWILI: JINSI MALARIA INAVYOIHADAA KINGA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika somo hili tutazame neema moja aliyotujaalia Allah (S.W.) ndani ya miili yetu, nayo ni kinga.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Juu ya kila askari kuna vipokezi, mithili ya vitasa vinavyongoja funguo. Vipo vya kuamsha, vinavyomwamuru ashambulie, na vipo vya kuzuia, vinavyomwamuru atulie. Chembe zetu nyingi zenye afya hubeba alama inayoshika vipokezi vya kuzuia, hivyo askari huziacha salama. Bila breki hizo, kinga ingeweza kuushambulia mwili wenyewe.

Je, adui akizijua breki hizo itakuwaje? Malaria hufanya hivyo. Kimelea chake kikiingia katika chembe nyekundu ya damu, huweka juu yake protini ziitwazo rifini. Mwaka 2017 wanasayansi wa Japani na wenzao walieleza kuwa baadhi ya rifini hushika kipokezi cha kuzuia kiitwacho LILRB1. Tena vimelea vya wagonjwa wa malaria kali vilikishika zaidi kuliko vya wagonjwa wengine. Askari huamriwa atulie, na adui yuko mbele yake!

Lakini mwili nao una hila zake. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa baadhi ya watu wa Kilifi, Kenya, wana antibodi zilizobeba kipande cha kipokezi kingine cha kuzuia, LAIR1. Kwa kipande hicho antibodi hunasa rifini. Mtego wa adui umemnasa mwenyewe.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mtoto akipata homa tusiseme, "Mwili utapambana wenyewe." Tumpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria amalize dozi.

Pili, tulale ndani ya chandarua na tufukie madimbwi. Ndugu zetu wa machimbo ya Geita wasiache mashimo wazi yajae maji, mbu wakazaliana.

Tatu, kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah. Dua na dawa huenda pamoja.

Zoezi
1. Taja aina mbili za vipokezi na kazi zake.
2. Rifini huihadaa vipi kinga?
3. Kwa nini tusichelewe kupima homa?

Wabillahi tawfiq.