Kuuza gari bovu: Puti isifiche kutu

Baada ya swala ya Isha hapa Kawe, ndugu mmoja alinijia na swali. Anayo Kombi kuukuu ya Volkswagen aliyoanza kuifufua. Injini imeshushwa, viti vimefumuliwa, sakafu imeliwa na kutu. Fedha zimekwisha na ada za watoto zinamngoja. Dalali kamshauri: "Piga puti, pulizia rangi, sema imebaki kazi ndogo tu." Je, afanye hivyo?

Kwanza, kuuza gari ambalo matengenezo yake hayajakwisha ni halali. Kombi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, za mwisho zikatoka Brazil mwaka 2013, na wapo wanaozitafuta hata zikiwa juu ya mawe. Kilicho haramu ni kuficha.

Imepokewa kwa Abu Huraira (ra) kwamba Mtume (saw) alikataza kuacha kumkamua ngamia au kondoo ili kiwele kijae, mnunuzi adhani maziwa ni mengi. Aliyemnunua mnyama huyo ana khiyari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Puti juu ya kutu haina tofauti na kiwele kile. Nasi wa Kawe tunaijua hewa ya chumvi: rangi haitakaa muda, kutu itatokeza.

Wengine hujikinga kwa kusema, "Nimeuza kama lilivyo." Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoifuata wengi wetu, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Kombi si mnyama, na kutu ile anaijua. Mahanafi wamelikubali sharti hilo kwa upana zaidi, lakini kuficha kwa makusudi ila unayoijua ni dhambi kwa wote.

Nikamwambia: andika karatasi mbili. Ya kwanza iorodheshe vilivyopo: injini, milango, vioo, kadi ya gari na namba ya chasisi. Ya pili iorodheshe vibovu na visivyopo. Kifaa ambacho hujakipata usikiuze, kwani Mtume (saw) alimkataza Hakim bin Hizam (ra) kuuza asichokuwa nacho. Mnunuzi aje mchana, na fundi wake, alale chini ya gari aone.

Akauliza: "Ustaadh, bei si itashuka?"

Itashuka. Hapo ndipo ulipo mtihani. Hakim huyo huyo amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Ndiyo, ada ya mtoto ni jukumu zito. Lakini mnunuzi naye huenda ni mzazi wa Temeke aliyetoa akiba yake yote. Tusisomeshe watoto wetu kwa kuwanyima wa wenzetu.

Wabillahi tawfiq.