SOMO: SOMA KWANZA, NDIPO UTIE SAHIHI

Maneno ya kujifunza

kiapo: maneno ya kweli ambayo mtu huyasema mbele ya mwenye mamlaka
hati ya kiapo: karatasi iliyoandikwa maneno hayo
kuthibitisha: kuhakikisha na kukiri kwamba jambo ni la kweli
kivuli: nakala ya karatasi iliyotolewa kwa mashine
dole gumba: alama ya kidole kikubwa badala ya sahihi

1. Karatasi haioti

Katika Wilaya ya Kyela maji ni rafiki, na tena ni adui. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huleta rutuba kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Kwa rutuba hiyo tunapata mpunga, kokoa na ndizi. Lakini mvua ikizidi, mito hufurika. Maji huingia ndani ya nyumba. Hubeba kuku, sufuria na magunia. Hubeba pia karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba. Mpunga utapandwa tena. Karatasi haioti.

Mtu aliyepotelewa na karatasi afanye nini? Kwanza, aende kituo cha polisi kutoa taarifa ya kupotelewa. Pili, aende katika ofisi iliyotoa karatasi ile, aombe nyingine. Mara nyingi ofisi itamwambia: "Lete hati ya kiapo." Hapo ndipo somo letu linapoanza.

2. Hati ya kiapo ni nini?

Hati ya kiapo ni karatasi ambayo ndani yake mtu anaeleza jambo analolijua, kisha anaapa kwamba ni kweli. Mambo yanayohitaji kiapo ni mengi. Huyu amepoteza cheti. Yule jina lake limeandikwa kwa namna moja kwenye kadi ya benki, na kwa namna nyingine kwenye kitambulisho. Mwingine alizaliwa nyumbani, wala hakuandikishwa, na sasa anatafuta cheti cha kuzaliwa.

Mkristo huapa. Mwislamu na asiye Mkristo huthibitisha. Uzito ni ule ule. Anayeapa uongo ametenda kosa la jinai, naye anaweza kufungwa gerezani.

3. Nani anapokea kiapo?

Si kila mwenye muhuri anaweza kupokea kiapo. Mtendaji wa Kijiji ana muhuri. Yeye huandika barua ya kukutambulisha kwamba wewe ni mkazi wa kijiji chake. Barua hiyo ni muhimu, lakini si kiapo.

Anayepokea kiapo huitwa Kamishna wa Viapo. Mawakili wengi wana kazi hiyo. Hakimu naye hupokea viapo, kwa hiyo watu wengi wa vijijini huenda mahakamani.

Wakili huyo huwa na kazi nyingine pia, inayoitwa unotari wa umma. Notari hushuhudia sahihi katika hati kubwa, kama hati ya uwakala, yaani hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kutenda kwa niaba yako. Kazi yake huhitajika zaidi hati inapokwenda kutumika nchi nyingine. Sisi tunapakana na Malawi, na watu wetu huvuka Kasumulu kila siku. Mtu mwenye mali ya urithi ng'ambo ya Songwe anaweza kuambiwa alete hati iliyoshuhudiwa na notari. Kazi hizi mbili zinatawaliwa na Sheria Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania.

Nchi hazifanani. Ufaransa, kwa mfano, notari ndiye huandaa hati za kuuziana nyumba na mashamba. Kwetu, ardhi ya kijiji ina njia yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa wakili peke yake hauhamishi shamba la kijiji.

4. Muhuri unasema nini?

Hapa tusome polepole, maana wengi hukosea. Watu hudhani muhuri wa wakili au wa hakimu unasema: "Maneno haya ni kweli." Sivyo. Hakimu hakuwapo siku cheti chako kilipochukuliwa na maji. Hawezi kujua.

Muhuri unasema hivi: "Mtu huyu alikuja mbele yangu. Nilimtambua. Aliapa, akatia sahihi yake mwenyewe, mahali hapa, tarehe hii." Ndiyo maana sheria inataka mahali na tarehe viandikwe kwa ukweli chini ya kiapo. Ndiyo maana pia huwezi kumtuma mtoto akuapie. Wala si halali kupokea muhuri kwenye karatasi ambayo bado haijaandikwa kitu.

Basi ukweli wa maneno ni mzigo wa nani? Ni mzigo wako wewe unayeapa. Ukitia sahihi, maneno yale yamekuwa yako, hata kama yalichapwa na mwingine.

5. Mfano

Mama mmoja wa upande wa Ipinda amefiwa na mumewe. Wana shamba la kokoa. Shemeji yake anamletea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Anamwambia, "Shemeji, hii ni ya kufungulia mirathi tu. Twende kwa hakimu ukaweke dole gumba."

Wanafika mbele ya hakimu.

Hakimu: Mama, unajua kusoma?
Mama: Najua kidogo, Mheshimiwa. Nimejifunza kwenye kisomo.
Hakimu: Basi soma. Usiwe na haraka.

Mama anafuata mistari kwa kidole. Mstari wa kwanza una jina lake. Mstari wa pili una jina la marehemu. Mstari wa tatu una jina la kijiji. Mstari wa nne unasema: "Shamba la kokoa nimemwachia shemeji yangu kwa hiari yangu."

Mama: Mheshimiwa, neno hili "nimemwachia" si langu. Mimi sikulisema.
Shemeji: Hayo ni maneno ya kawaida tu, shemeji. Weka dole, tutachelewa gari.
Hakimu: Hawezi kuapia neno ambalo si lake. Karatasi hii siigongi muhuri. Mama, ukitaka kufungua mirathi, muone karani akueleze utaratibu.

Mama huyu hakupiga kelele, wala hakugombana na mtu. Alisoma mistari minne. Kama angeweka dole, ingembidi aende kuipinga ile karatasi. Angetumia nauli, siku za kazi, na pengine angeingia kwenye kesi ndefu.

Tukumbuke pia kwamba ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi haina nguvu. Haki yake ipo. Lakini mtu anaweza kuishusha haki yake kwa kidole chake mwenyewe, asipojua kilichoandikwa.

6. Ukienda kuapa, fuata haya

(a) Nenda mwenyewe. Chukua kitambulisho chako na barua ya Mtendaji.
(b) Ukitaka nakala ithibitishwe, chukua hati halisi pamoja na kivuli chake. Anayethibitisha lazima alinganishe vyote viwili.
(c) Soma karatasi yote. Kama huwezi, omba isomwe kwa sauti na kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Usisomewe na yule anayenufaika na karatasi hiyo.
(d) Tazama majina, tarehe, na ukubwa wa shamba. Kosa likiwapo, lirekebishwe kabla ya kuapa.
(e) Usitie sahihi nyumbani. Tia sahihi mbele ya anayepokea kiapo.
(f) Kamishna wa Viapo hapaswi kupokea kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja, au lenye faida kwake.
(g) Uliza gharama kabla ya kuanza. Ukilipa, dai risiti.
(h) Jihadhari na vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili. Wakili wa kweli ana leseni. Ukiwa na shaka, uliza mahakamani.
(i) Usipoelewa, mtafute msaidizi wa kisheria. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Watakushauri bila malipo, lakini hawapokei viapo.

Ukirudi nyumbani, toa vivuli. Weka hati halisi ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya sanduku, mahali pa juu ambapo maji hayafiki. Kivuli kimoja mpe ndugu unayemwamini anayekaa mbali na mto. Mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Maswali

1. Taja mambo mawili yanayoweza kuhitaji hati ya kiapo.
2. Kuna tofauti gani kati ya barua ya Mtendaji wa Kijiji na hati ya kiapo?
3. Muhuri wa Kamishna wa Viapo unasema nini? Hausemi nini?
4. Kwa nini mama wa Ipinda alikataa kuweka dole gumba?
5. Katika kijiji chenu, nani anaweza kumsomea karatasi mtu asiyejua kusoma, bila kumdhulumu? Jadilianeni darasani.

8. Kazi ya kufanya

Fungua sanduku lako nyumbani. Andika katika daftari orodha ya hati zako zote. Andika jina lako kama lilivyo katika kila hati. Je, majina yanafanana herufi kwa herufi? Kama hayafanani, anza kuyashughulikia sasa, kabla ya siku ya shida.