Chumba cha Zege Chini ya Ardhi: Hesabu Zinazotangulia Sururu

1. Utangulizi

Chumba cha chini ya ardhi ni sehemu ya nyumba ambayo sakafu yake iko chini ya usawa wa ardhi inayoizunguka, na ambayo kuta zake hushikilia udongo. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika Kanada vyumba vya namna hii ni vya kawaida. Sababu mojawapo ni baridi. Wakati wa kipupwe maji yaliyomo udongoni huganda, hutanuka, na huweza kuinua msingi ulio karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana sheria za ujenzi za jimbo la Minnesota hutaka msingi ushuke mita 1.1 au mita 1.5, kwa kutegemea sehemu ya jimbo. Mtu aliyekwisha kuchimba hadi hapo huona kwamba akiongeza mita moja hivi atapata chumba kizima.

Katika miji ya Afrika Mashariki udongo haugandi, na misingi ya nyumba za kawaida haina haja ya kushuka hivyo. Hata hivyo, mwenye nyumba ambaye kiwanja chake ni kidogo, au kina mteremko kama vilivyo vingi vya Mwanza, aweza kutaka kuongeza ghala au karakana chini ya sehemu mpya ya nyumba yake, na kuifanya kazi hiyo mwenyewe pamoja na mafundi wachache. Makala haya yanaonyesha jinsi elimu ya fizikia na kemia ya shule ya sekondari inavyoweza kumwongoza katika mipango yake. Kanuni zizo hizo hutumika pia kwa tangi la maji lililozikwa.

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa ya ukuta wa chumba hicho ni kubeba nyumba iliyo juu. Sivyo. Zege likigandamizwa huhimili mzigo huo bila taabu. Hatari hutoka pembeni na chini: udongo husukuma, na maji husukuma na kuinua.

2. Mfano wa kukokotolea

Ichukuliwe kwamba chumba kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, vipimo vya nje. Kuta zina unene wa sentimita 20 na kimo cha mita 2.4, na zimesimama juu ya sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15. Densiti ya zege ni kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, na ya udongo wenye unyevu wa kawaida ni kilo 1,800. Kwa ajili ya urahisi, kilo 1 ina uzito wa nyutoni 10.

3. Udongo unavyosukuma

Kanieneo ya udongo, kama ile ya maji, huongezeka kadiri ya kina. Tofauti ni kwamba punje za udongo hushikana kwa msuguano, kwa hiyo kanieneo ya pembeni ni takriban nusu tu ya kanieneo ya kwenda chini. Katika kina cha mita 2.4 kanieneo ya kwenda chini ni 18 × 2.4, yaani kilonyutoni 43.2 kwa mita ya mraba. Ya pembeni ni nusu yake, kilonyutoni 21.6.

Kwa kuwa kanieneo huanza na sifuri juu na kufikia 21.6 chini, wastani wake ni 10.8. Kila mita moja ya urefu wa ukuta, basi, husukumwa kwa kani ya 10.8 × 2.4, yaani karibu kilonyutoni 26. Ukuta wa mita 5 husukumwa kwa kilonyutoni 130, sawa na uzito wa tani 13. Kani hiyo haipumziki usiku wala mchana.

Udongo ukijaa maji hali huwa mbaya zaidi. Punje zilizozama hupungua uzito, lakini maji yenyewe husukuma kwa kanieneo yake yote, kwa sababu hayana msuguano wa kuyazuia. Kanieneo ya chini hupanda kutoka 21.6 hadi karibu 36, na ukuta uleule wa mita 5 husukumwa na kani ya tani 21 na zaidi. Kwa hiyo kokoto zinazojazwa nyuma ya ukuta, pamoja na bomba lenye matundu linalolazwa kando ya msingi kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, si pambo. Kuondoa maji ni rahisi kuliko kujenga ukuta wa kuyashinda. Lami inayopakwa upande wa nje huzuia unyevu, lakini haipunguzi msukumo hata kidogo.

4. Chumba kinachoelea

Kanuni ya Archimedes haichagui kati ya mashua na nyumba. Sakafu na kuta za mfano huu zina zege la mita za ujazo 11.3, lenye uzito wa tani 27. Eneo la chini ni mita za mraba 20. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 juu ya uso wa chini wa sakafu, huinua chumba kwa kani ya tani 20. Yakifika mita 1.35, kani ya kuinua huwa tani 27, na chumba huwa tayari kuelea.

Uzito wa nyumba iliyo juu na msuguano wa udongo wa pembeni haukuhesabiwa, kwa kuwa hatari ni kubwa zaidi wakati nyumba hiyo bado haijajengwa. Mvua kubwa ikinyesha ujenzi ukiwa umesimama, sanduku la zege huweza kuinuka au kupasuka sakafu. Wajenzi wenye busara huacha tundu sakafuni hadi uzito wa juu utakapotosha. Heri chumba kiingie maji kuliko kielee.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuchimba shimo dogo la majaribio, lenye kina kinachozidi kile cha chumba, na kupima usawa wa maji mwishoni mwa mvua za masika. Kipimo cha kiangazi hudanganya. Shimo hilo litaonyesha pia aina ya udongo. Mahali penye maji ya karibu, kama katika sehemu nyingi za mchanga za pwani, au penye udongo mweusi wa mbuga unaovimba unapolowa, mwenye nyumba afikirie kujenga juu ya ardhi.

5. Nyumba ya zamani isidhurike

Uzito wa nyumba iliyopo huenea katika udongo kutoka chini ya msingi wake kwenda chini na pembeni, kwa makadirio ya pembe ya digrii 45. Ikiwa msingi wa zamani una kina cha mita 0.8 na shimo jipya lina kina cha mita 2.6, tofauti ni mita 1.8. Basi ukingo wa chini wa shimo usikaribie msingi huo kwa chini ya mita 1.8, katika mchanga uliolegea, umbali uongezwe. Sehemu inayobaki kati ya chumba na nyumba ya zamani inaweza kujengwa juu ya msingi wa kawaida. Anayetaka kusogea zaidi hana budi kushusha msingi wa zamani kwa vipande vifupi vifupi, na hiyo ni kazi ya mhandisi.

Shimo lenyewe ni hatari kwa wachimbaji. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.8, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani huweza kushindwa kupumua. Mtu yeyote asiingie katika shimo lenye kuta wima linalokaribia kina cha mita 1.5 bila kingo kutegemezwa kwa mbao au kuchongwa ziwe mteremko. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo.

6. Zege na siku ya kumwaga

Saruji haikauki kama tope. Hugumu kwa mmenyuko wa kikemikali kati yake na maji. Mmenyuko huo huhitaji maji yapatayo robo tu ya uzito wa saruji. Yanayozidi husaidia zege kutiririka, kisha hutoka na kuacha vinyweleo ambamo maji ya ardhini hupita. Kwa ukuta wa chini ya ardhi, maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji: lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, pamoja na maji yaliyomo tayari katika mchanga.

Mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1½ na kokoto 3 huhitaji karibu mifuko 8 kwa mita ya ujazo. Kuta zina mita za ujazo 8.26, yaani mifuko 66. Ikiwa mashine huchanganya mfuko mmoja kwa dakika 5, kazi itachukua saa 5½ bila mapumziko. Zege humwagwa kwa tabaka kuzunguka kuta zote. Tabaka la sentimita 40 huhitaji mifuko 11, yaani dakika 55. Hivyo tabaka la pili hufika kabla la kwanza halijashika. Mashine ikiharibika katikati, hubaki mshono, na maji hupenya hapo. Mashine ya akiba, au wachanganyaji wa kutosha, viwepo kabla ya kuanza.

Zege bichi husukuma kalibu, yaani mbao zinazolishikilia, kama kimiminiko. Likimwagwa kwa haraka hadi mita 2.4, kanieneo ya chini hufikia kilonyutoni 57.6, zaidi ya mara mbili ya ile ya udongo. Kumwaga polepole huipunguza, lakini kalibu ifungwe kwa kani yote. Baadaye zege lilowanishwe kwa siku 7 au zaidi.

7. Mpangilio ni sehemu ya nguvu

Zege likivutwa hupasuka upesi; kwa hiyo nondo huwekwa upande unaovutwa. Upande huo ni upi? Ukuta ulioshikwa chini na sakafu na juu na sakafu ya nyumba hujipinda kuelekea ndani katikati yake, na huvutwa upande wa ndani. Momenti yake kubwa ni karibu kilonyutoni-mita 8 kwa kila mita ya urefu. Ukuta uleule, kama bado haujashikwa juu, hujipinda kama fito iliyochomekwa ardhini: huvutwa upande wa nje, karibu na sakafu, na momenti yake hufikia 21.

Anayejaza udongo nyuma ya ukuta kabla ya kujenga sakafu ya juu, basi, huupa ukuta momenti inayozidi mara mbili na nusu, tena katika upande ambao huenda hauna nondo. Ukuta huo hupasuka ingawa saruji ilitosha na vipimo vilikuwa sahihi. Kuta zitegemezwe hadi sakafu ya juu ikomae. Ukubwa na nafasi za nondo zikokotolewe na mhandisi, na kibali cha ujenzi kipatikane kutoka halmashauri kabla ya sururu ya kwanza.

Maswali na majaribio

(1) Ukuta ukishikilia udongo wa mita 1.8 badala ya 2.4, kani ya pembeni hupungua kwa asilimia ngapi? Kwa nini si 25?

(2) Unene wa sakafu ukiongezwa kuwa sentimita 30 kwa kuchimba chini zaidi, maji yafike kimo gani ili chumba kielee? Je, usalama umeongezeka kwa kiasi hicho chote, ukipimwa kutoka uso wa ardhi?

(3) Wanafunzi watengeneze vipande viwili vya zege, kimoja kwa maji nusu ya uzito wa saruji na kingine kwa robo tatu. Baada ya siku 28 wavikaushe, wavipime uzito, wavizamishe majini kwa siku moja, kisha wavipime tena. Kipi kimenyonya maji zaidi, na kwa nini?