Mtazame Mfukoni Huyo Msafiri

Mdogo wangu wa Kismayu, barua yako imenichekesha, unisamehe. Umeazimwa The Time Machine ya H. G. Wells, ukafika sura ya pili ukaiweka, kisa hujaelewa chombo chenyewe kinaendaje na fizikia uliiacha shuleni. Nani kakwambia uelewe? Wells aliitoa riwaya hiyo mwaka 1895 na chombo hajakieleza mpaka leo. Anataja vyuma, pembe ya ndovu na kiti, basi. Yale mabishano ya wageni mezani yapitie haraka bila haya, ukamkute msafiri mwaka 802,701, ndiko hadithi iliko.

Wewe si mgeni wa mambo haya kama unavyojidhania. Ijumaa ngapi umesoma Suratul Kahf? Vijana wamelala pangoni miaka mia tatu na tisa, wanaamka wanadhani ni siku moja au sehemu ya siku, wanamtuma mwenzao mjini na pesa yao ya fedha akanunue chakula. Wafasiri wanasimulia kwamba pesa hiyo ndiyo iliyowafichua: sarafu ya mfalme aliyekwisha sahaulika. Sikifananishi Kitabu cha Mungu na riwaya ya kutunga, usije ukanishtaki kwa mwalimu wako wa chuo. Nasema tu kwamba jicho la kusomea unalo tangu utotoni. Msafiri wa wakati humjui kwa chombo chake, humjua kwa kilichomo mfukoni.

Hebu jaribu. Jiweke Kismayu mwaka 1924. Bendera ni ya Mwingereza, Jubaland ni sehemu ya koloni la Kenya, na mvuvi anatoka Koyama mpaka Kiunga bila kuvuka mpaka wowote. Ukiangukia 1926 umechelewa: tangu 1925 mji ni wa Mtaliana, amepewa kama malipo ya kuingia Vita vya Kwanza upande wa Waingereza, na mpaka umepita kati ya Kiamboni na Kiunga, ukoo mmoja huku na huku. Wewe unataka kununua samaki. Pesa zako zote zimo kwenye simu. Utamwambia nini mwenye samaki? Hapo tayari una riwaya, na hukuhitaji fizikia hata chembe.

Hata Wells alilijua hilo. Msafiri wake anarudi, wenzake hawamwamini, naye anatoa mfukoni maua mawili meupe yaliyonyauka. Mimi maua hayo nayathamini kuliko mashine nzima.

Ila ukitaka ushauri wangu wa kweli, Wells mwache kwanza. Tafuta Kindred ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi, ya mwaka 1979. Kiingereza chake ni chepesi, na mashine haimo kabisa. Butler mwenyewe alikataa kuiita riwaya ya kisayansi. Dana, mwanamke mweusi wa California, anavutwa ghafla mpaka Maryland ya zama za utumwa kila mara mtoto wa kizungu, Rufus, anapokuwa hatarini. Rufus ndiye babu yake wa mbali, akifa mapema Dana hazaliwi. Amevaa suruali, watu wanamuuliza kwa nini kavaa kiume. Anajifunza kujifungia mfuko mwilini, maana hajui atachukuliwa saa ngapi, na kitabu cha historia alichokwenda nacho kinaishia motoni kwa sababu kule ni hatari kuliko kisu.

Ukipotea miaka, fuata umri wa Rufus. Kwa Dana ni majuma machache tu, tangu Juni 9 hadi Julai 4, 1976, lakini Rufus anaanza mtoto anayezama mtoni na anamaliza mtu mzima mwenye watumwa wake. Andika umri wake pembeni kwa penseli, kama kitabu ni chako.

Nikuonye: mna viboko na dhuluma kwa wanawake, na Butler hafumbi. Kama umetoka kwenye msiba, subiri.

Na kaka yako anayesema hivyo ni vitabu vya watoto, usibishane naye. Mpe ukurasa wa kwanza tu, ule ambao Dana anasema amerudi nyumbani bila mkono wa kushoto. Kisha uwe na subira, kwa sababu kitabu hakitarudi kwako upesi.