Hitilafu na Jina Lake: Istilahi za Java katika Huduma za Mtandao

Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, humruhusu mtunga programu kuzipa hitilafu majina ayatakayo. Jambo hili huonekana kuwa la mafundi wa tarakilishi pekee, ilhali ni suala la istilahi pia.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Othaya, katika kaunti ya Nyeri. Karani wa kiwanda hupima matunda, kisha huingiza kilo na namba ya mwanachama katika simu. Taarifa huenda kwenye seva. Namba isipopatikana, na hali hiyo ikawa haikuandaliwa jina, seva huweza kurudisha namba 500, ambayo katika itifaki ya HTTP humaanisha kwamba seva yenyewe imepata hitilafu. Karani hajui iwapo amekosea tarakimu, mfumo umeharibika, au mkulima hajasajiliwa. Mkulima naye hurudi nyumbani bila stakabadhi ya mavuno yake.

Mtunga programu makini hubuni aina mpya inayorithi aina ya msingi iitwayo Exception, akaiita, kwa mfano, HitilafuYaUanachama. Java hukubali majina ya Kiswahili. Maneno maalumu ya lugha yenyewe ndiyo yasiyobadilika. Hitilafu hurushwa pale inapogunduliwa, ikadakwa mpakani mwa huduma na kugeuzwa jibu lenye namba 404 na ujumbe: "Namba ya mwanachama haikupatikana. Tafadhali hakikisha tarakimu." Maelezo ya ndani huhifadhiwa katika kumbukumbu za seva. Hayapelekwi kwa karani, kwani hayamfai, na yaweza kumfichulia mdukuzi siri za mfumo.

Kwa nini "hitilafu" wala si "kosa"? Kosa huelekeza lawama kwa mtendaji. Hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya tofauti na ya kasoro: mambo yametofautiana na yalivyotarajiwa. Vitenzi "rusha" na "daka" navyo hukamilisha sitiari moja, kwa kuwa kilichorushwa kisipodakwa huanguka.

Kaunti ya Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina. Mwanafunzi wa Kiswahili na mtunga programu wakiketi pamoja, istilahi hizi zitapimwa kwa matumizi, na karani atasoma ujumbe unaomwelekeza la kufanya.