Bibi Yako Anahitaji Sala Zako



Novemba inapokaribia, parokia nyingi hugawa bahasha za kuwaombea marehemu. Unaandika majina ya ndugu zako waliotangulia, unaweka sadaka kidogo, unairudisha kanisani, na majina hayo yanaombewa katika Misa mwezi mzima. Nadhani kwa wengi wenu jina la kwanza kuandikwa ni la bibi au babu. Kwangu pia ndivyo. Sasa vijana wenzangu, tujiulize: tunamkumbuka bibi kwa namna gani?

Nauliza kwa sababu ya jambo ninalolisikia sana misibani. Sisi mafrateri tukiwa likizo hatukosi mazishi. Inafika zamu ya kusoma wasifu wa marehemu, anasimama mjukuu, anafunua karatasi, anasoma vizuri tu, halafu anamalizia: bibi yetu ameshafika mbinguni, tumepata mwombezi. Watu wanaitikia amina, kwaya inaingia. Sikatai kwamba Mungu anaweza kumpokea mtu moja kwa moja. Hilo ni juu yake. Ila sisi hatujaambiwa. Na ukishasema amefika, utamwombea nini tena? Ikipita arobaini, kimya. Kwa nia njema kabisa tunamnyang'anya marehemu kitu anachokihitaji kuliko sifa zetu.

Nisemee bibi yangu mwenyewe, maana huyo namjua.

Alizaliwa na kuishi Bukoba vijijini, upande wa Kashozi, pale walipoanzia Wamisionari wa Afrika mwaka 1892. Alikuwa msichana wakati Askofu Laurean Rugambwa alipofanywa Kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu, na hadi uzee wake alisimulia habari hiyo kana kwamba aliyepewa kofia nyekundu ni kaka yake wa kuzaliwa. Kusoma alijua kidogo, kuandika hakujua. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, rozari, na magoti yaliyokauka kama ya ngamia. (Tulimtania hivyo. Alicheka.)

Kisha ukaja ugonjwa. Mnaweza kusoma kwenye vitabu kwamba wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Lakini vitabuni hamtasikia harufu ya chumba. Watu kwetu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiingia kutoka Uganda, na wengine wakauita silimu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kabla ya hapo mgonjwa alirudishwa nyumbani, na nyumbani maana yake alikuwa ni mwanamke mmoja mwenye beseni. Bibi alizika watoto wake watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja. Wakabaki wajukuu saba, na mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, aliyekuwa kitinda mimba, aliacha shule akauze ndizi.

Ningeishia hapo ingetosha kwa wasifu wa kuliza watu. Lakini Bibi hakuishia kwa watoto wake. Shangazi yangu anasema alipomaliza kuwahudumia wa kwake, akili yake ilikuwa imeshazoea, na mikono pia, basi akawa anaitwa. Wengine waliogopa kuingia kwa wagonjwa. Yeye alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akafunga kwa kamba ya mgomba, akaingia. Aliwaosha, akawalisha uji, akawageuza ubavu. Jumuiya yao ndogo ndogo ilikuwa na familia kumi na nne, na kwa miaka ile hakuna hata moja aliyokosa kuiingilia na beseni lake.

Seminarini, mwaka wa kwanza wa falsafa, tulifundishwa kwa Aristotle kwamba mtu hawi mwema kwa kusikiliza hotuba juu ya wema. Anakuwa mwema kwa kutenda mambo mema mara nyingi, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Baadaye tukafika kwa Mt. Thoma wa Akwino, ambaye anasema jambo moja lililonifanya nimfikirie Bibi darasani. Anasema kuna njia mbili za kuhukumu sawasawa juu ya usafi wa moyo: mmoja amejifunza elimu ya maadili, atakujibu kwa hoja; mwingine anayo fadhila yenyewe, naye anajua kwa sababu jambo lile limekuwa sehemu ya nafsi yake. Mimi nina shahada ya njia ya kwanza. Bibi alikuwa na njia ya pili, na asingeweza kukuelezea hata kwa sentensi mbili. Ukimuuliza kwa nini alikwenda kwa wagonjwa, alikushangaa: "Sasa nani angewaogesha?"

Hadi hapa ni sifa tupu. Lakini kuna upande mwingine, nao ni wa kweli pia.

Bibi alikuwa na ulimi mkali. Na alikuwa na ugomvi wa mpaka. Jirani yake wa upande wa chini, mzee mmoja ambaye sitamtaja, alisogeza miti ya mpaka hatua kama nne hivi kuingia kwenye kibanja chetu, au Bibi aliamini hivyo. Mzee naye aliamini Bibi ndiye mwizi. Hawakusalimiana kwa zaidi ya miaka ishirini. Walikuwa jumuiya moja! Wakati wa kutakiana amani kanisani, Bibi aligeukia upande mwingine, na wajukuu wote tuliona.

Kijana wa mzee yule aliugua. Mama yake alikuwa ameshafariki. Bibi alivuka mpaka ule ule na beseni, kila asubuhi, karibu miezi mitano, hadi kijana alipokufa mikononi mwake. Mzee alikuwa akikaa nje, chini ya mti. Bibi alipita mbele yake akienda, akapita mbele yake akirudi. Hakumsalimia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Huyu ni mtakatifu au ni mwenye kinyongo? Nimeona ni vibaya kuchagua jibu moja ili hadithi ipendeze. Alikuwa na upendo uliomtoa kitandani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuosha mtoto wa adui yake, na alikuwa na donda ambalo hata upendo ule haukuwa umelimaliza.

Hapo ndipo Mt. Augustino anatusaidia. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake anasimulia kifo cha mama yake, Mt. Monika, kule Ostia karibu na Roma, mwaka 387. Anamsifu sana. Lakini hafichi kwamba alipokuwa binti mdogo Monika alikuwa na mazoea ya kuonja divai kwa siri alipotumwa kuichota, hadi mtumishi mmoja alipomwita mlevi kwa hasira, akaona aibu akaacha. Mwana gani anaandika hivyo juu ya mama yake? Mwana anayetaka kumwombea. Maana mara tu baada ya sifa, Augustino anageuka na kumwomba Mungu amsamehe mama yake makosa yake. Na Monika mwenyewe, aliyekuwa ameandaa kaburi kando ya mume wake Patrisio nyumbani Afrika, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika; alichoomba ni wamkumbuke altareni. Augustino akaenda mbele, akawaomba wasomaji wake nao wawakumbuke wazazi wake wote wawili altareni. Kanisa sasa linamwita Monika mtakatifu. Mwanawe hakungoja hilo, wala hakulitangaza yeye. Aliomba.

Hii ndiyo imani yetu. Kanisa linafundisha kwamba wanaokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanahitaji kutakaswa wana hakika ya wokovu wao, na wanatakaswa ili waingie katika furaha ya mbinguni. Hiyo ndiyo toharani. Si jehanamu ndogo, kama wengine wanavyodhani. Mimi naiwaza kama Mungu akimalizia donda la mpaka ule. Na sala zetu zinawafikia. Tayari katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda anakusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka ya dhambi itolewe kwa ajili ya askari waliokufa.

Kwa hiyo mambo ya kufanya yapo. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, unaweza kupata rehema kamili kwa ajili yao, kila siku katika siku hizo nane. Masharti ni ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuwa na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Kuungama mara moja kunaweza kutosha kwa siku kadhaa. Komunyo na sala kwa nia za Papa ni kwa kila rehema. Hilo la moyo usioshikamana na dhambi ndilo gumu, tusidanganyane. Kama uko chuoni mbali na kijijini, nenda makaburi yaliyo karibu. Hakuna anayekudai uende kwenye kaburi la bibi yako mwenyewe.

Nyumbani kwetu tumeongeza kitu kimoja. Bibi, kila jioni baada ya rozari, alikuwa anataja majina ya marehemu wake, na kwa kila jina Salamu Maria moja. Orodha ilikuwa ndefu kuliko rozari. Sisi watoto tulikuwa tunalala katikati. Alianza na wazazi wake, wakafuata watoto wake watatu, kisha wale aliowaosha. Hakuiandika popote, maana kuandika hakujua, na alipofariki miaka miwili iliyopita tulishtuka: orodha imekwenda naye. Tukakaa siku ya pili baada ya mazishi, shangazi, baba, na wale saba ambao sasa ni watu wazima, tukaanza kukumbuka kwa zamu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Aliyekuwa analala mapema alikumbuka mwanzo tu. Tumefikisha majina arobaini na matatu, dada mkubwa ameyaandika kwenye daftari la shule.

Tulibishana juu ya jina moja, la yule mzee wa mpaka, aliyemtangulia Bibi kwa miezi minne. Wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Shangazi ndiye aliyemuuguza Bibi mwishoni, na yeye anasema lilikuwepo, la mwisho kabisa, ila Bibi hakulitamka jina lenyewe. Alisema tu, "na yule wa ng'ambo," halafu akasali Salamu Maria yake.

Dada ameliandika jina kamili. Chini yake ameandika la Bibi.